Mke wa Mtu ni Sumu: Stori ya Mwanamfalme Aliyesimama Kortini Dakika Saba, na Mrembo Aliyefungiwa Miaka 36

Hebu chora ramani ya Uganda kwa akili yako. Kulia chini kuna Lake Victoria, ile tunagawana nao kule Kisumu. Kushoto juu kuna Lake Albert. Kushoto chini, pale mpaka wa Congo, kuna Lake Edward. Mwalimu wa jiografia alikukaririsha hayo majina mpaka ukashiba, lakini nadhani hakukuambia kitu moja: hiyo ni familia. Ni mathe, fathe na kijana wao.

Victoria alikuwa malkia wa Uingereza, Albert alikuwa mzee wake, na Edward ni kijana wao mkubwa. Msafiri Stanley alipitia huko mwaka wa 1889, akaona maji, akayapea jina la kijana wa boss. Wenyeji walikuwa na majina yao kitambo, lakini hakuna mtu aliwauliza.

Huyo Edward ndiye nataka nikupigie stori yake leo. Na si kwa sababu ya ziwa.

Kama umekuwa ukifuata habari, unajua vile Andrew, kijana wa marehemu Malkia Elizabeth, alishtakiwa New York mnamo Agosti 2021. Virginia Giuffre alisema Andrew alimdhulumu kimapenzi akiwa na miaka 17. Andrew aliruka hizo madai kimanga. Februari 2022 wakasuluhishana nje ya korti, bila yeye kukubali kosa, na kesi haikuwahi kusikizwa. Virginia aliaga dunia Aprili 2025. Oktoba mwaka huo huo, Mfalme Charles akatangaza kwamba ndugu yake hataitwa tena mwanamfalme.

Watu wengi walishtuka, wakasema familia ya kifalme haijawahi kuona mambo kama hayo. Wacha nikuambie, imeona. Miaka 151 kabla ya kesi ya Andrew kufika korti, Edward, ambaye ni baba ya guka yake Malkia Elizabeth, alisimama kwa kizimba cha mashahidi, mkono kwa Biblia, akiulizwa kuhusu mke wa wenyewe. Kesi hizo mbili si sawa. Moja ilikuwa ya dhuluma, ingine ilikuwa ya kutoka nje ya ndoa. Lakini soma mpaka mwisho, halafu uniambie kama hakuna kitu unakitambua.

Mtoto wa wazazi wakali

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1841, Buckingham Palace. Jina kamili ni Albert Edward, lakini nyumbani walimwita Bertie, na sisi tutamwita hivyo.

Unafikiria kuzaliwa kwa palace ni raha? Kwa Bertie ilikuwa kama bording ya mwalimu mkuu katili. Fathe wake alichora mpango wa masomo: vitabu karibu kutwa nzima, siku sita kwa wiki, walimu wa kibinafsi, na hakuna mabeshte wa kucheza nao ovyo. Dadake mkubwa alikuwa kichwa ile mbaya. Bertie hakuwa. Kijana wa watu alikuwa akikasirika anarusha vitu, na wazazi wakaamua shida ni uvivu.

Ile kitu alikuwa nayo haikuwa kwa silabasi. Alijua watu. Mwaka wa 1860, akiwa na miaka 18, walimtuma Canada na Marekani. Huko alidansi na kusalimiana na umati mpaka wazungu wa Marekani, watu walikuwa wamefukuza ufalme, wakampenda. Kwa mara ya kwanza mtu alimwambia amefanya vizuri. Kurudi nyumbani, akarudishwa kwa vitabu.

Nellie, na kifo cha fathe

1861, Bertie akapelekwa kambi ya jeshi pale Curragh, Ireland, kufunzwa kazi ya uafisa. Wasee wa kambi walimhurumia, wakaona huyu jamaa wa miaka 19 hajui dunia. Usiku mmoja wakamwingizia mwigizaji anaitwa Nellie Clifden.

Stori zikasambaa London mpaka zikafika kwa Albert. Mzee akaumia roho kabisa. Akaandikia kijana wake barua nzito, halafu mwezi wa Novemba, akiwa tayari mgonjwa, akapanda gari moshi mpaka Cambridge alikokuwa Bertie akisoma. Wakatembea kwa baridi na mvua wakizungumza. Wakasameheana.

Tarehe 14 Desemba 1861 Albert akafa. Madaktari walisema ni homa ya matumbo, hiyo taifodi tunajua. Lakini Victoria alikuwa na jibu lake: kijana ndiye ameua babake. Malkia akavaa nyeusi kuanzia hiyo siku mpaka akafa, na kwa miaka mingi alikataa kumpa Bertie kazi yoyote ya maana serikalini.

Sasa fikiria hiyo hesabu. Uko na miaka 20. Una pesa, una jina, una mlinzi kila mlango. Kazi huna, na mathako hakutaki karibu. Utafanya nini na siku zako? Bertie alifanya vile ungedhani.

Ndoa ya harusi kubwa, sheria ya watu wawili

Machi 1863 walimwoza Alexandra, binti wa kifalme kutoka Denmark, msichana wa miaka 18, mrembo kuruka. Walipata watoto sita, wa mwisho akafariki siku moja tu baada ya kuzaliwa. Kwa picha walikuwa kapo safi.

Kwa ground mambo ilikuwa ingine. Nyumba yao London, Marlborough House, ikawa base ya matajiri wapenda raha: kamari, mbio za farasi, sigara, chakula mpaka usiku wa manane. Na wanawake. Wengi walikuwa wake za mabeshte zake. Paris nako alikuwa mteja anayejulikana kwa danguro la kifahari liitwalo Le Chabanais.

Ukijiuliza kwa nini Alexandra hakubeba virago, jibu liko kwa sheria. Kuanzia 1857, mwanaume Mwingereza angeweza kumpa mkewe talaka kortini akithibitisha tu kwamba amehanya. Mwanamke akitaka talaka, kuhanya pekee hakutoshi. Ilibidi aongeze kosa lingine, kama ukatili ama kutelekezwa. Kosa moja, bei mbili. Shika hiyo, juu ndiyo itaamua kila kitu mbele.

Harriet

Kulikuwa na dame anaitwa Harriet Moncreiffe, binti wa familia ya kizito kule Scotland. Bertie alimjua kabla aolewe, na alikuwa akialikwa Marlborough House. Desemba 1866, akiwa na miaka 18, aliolewa na Sir Charles Mordaunt, mbunge tajiri mwenye jumba kubwa Warwickshire.

Charles alikuwa mtu wa bunge, uwindaji na uvuvi. Harriet alikuwa mtu wa sherehe. Bertie akaendelea kumwandikia barua na kumtembelea. Baadaye wafanyakazi wa hiyo nyumba waliambia korti kwamba mwanamfalme alikuwa akija jioni, Charles akiwa nje, na madam akiagiza mgeni mwingine asifunguliwe mlango. Charles naye alisema alikuwa amemkanya mkewe kuhusu huo urafiki.

Kiangazi cha 1868, Charles akaenda Norway kuvua samaki. Februari 1869, Harriet akajifungua msichana, Violet. Mtoto alionekana ana shida ya macho. Harriet akaingiwa na hofu kubwa kwamba ni ugonjwa wa zinaa, na kwamba mtoto ataenda kipofu. Siku chache baadaye akamwaga mtama wote. Alimwambia Charles kwamba huyu mtoto si wake, kwamba baba ni Lord Cole, na kwamba amekuwa na wanaume wengine pia. Kati ya majina aliyotaja lilikuwa la Mwanamfalme wa Wales.

Hebu fikiria kukaa kwa hiyo chumba.

Charles akavunja dawati la mkewe. Akapata barua za Bertie. Hazikuwa na moto vile alitarajia, zilikuwa salamu na habari za kawaida tu. Lakini mwandiko ulikuwa wa mtu atakayekuwa mfalme. Akaenda kwa wakili.

Dakika saba

Ngoja kidogo nikueleze kitu. Talaka ni kesi ya madai, si ya jinai. Hakuna mtu anafungwa, watu wanapigania ndoa, jina na pesa. Na mtu wa familia ya kifalme angeweza kuburutwa humo. Mwaka wa 1770 Duke wa Cumberland, ndugu ya Mfalme George wa Tatu, alishtakiwa na Lord Grosvenor kwa kulala na mkewe, na korti ikamwambia alipe pauni 10,000. Hiyo enzi, ilikuwa pesa ya kununua mtaa.

Kwa hivyo Charles angeweza kumshtaki Bertie. Hakumshtaki. Kwenye kesi aliwataja wanaume wengine kama washtakiwa, na mwanamfalme akabaki jina tu linalozunguka mdomoni mwa kila mtu.

Familia ya Harriet nayo ikaja na hoja yake: binti yetu ni mgonjwa wa akili. Walisema akili yake iliruka baada ya kuzaa, na hayo yote aliyoungama ni maneno ya mgonjwa. Kama ni mgonjwa, hawezi kujitetea, na kama hawezi kujitetea, kesi ya talaka haiwezi kwenda popote. Kwa hivyo mnamo Februari 1870, mbele ya Jaji Penzance pale Westminster, swali halikuwa nani alilala na nani. Swali lilikuwa moja tu: Harriet alikuwa timamu siku aliyokabidhiwa karatasi za korti?

Madaktari wakapanda kizimbani mmoja baada ya mwingine. Wafanyakazi wa nyumbani wakasema yao. Wengine walisema madam alikuwa akitenda vitu vya ajabu, hatambui watu. Wengine wakasema alikuwa sawa, na kwamba huo wazimu ni mchezo wa kuficha aibu. Ni mgonjwa kweli? Alijifanya mwanzoni, akaugua baadaye kwa kufungiwa? Leo daktari akisoma hiyo stori huenda akafikiria ugonjwa mkali wa akili unaopata wamama wengine baada ya kujifungua. Lakini hakuna mtu atarudi kumpima.

Tarehe 23 Februari 1870, Bertie akaitwa kama shahidi. Korti ikafurika. Sheria ilimpa nafasi ya kukataa maswali yanayoweza kumwonyesha kama mzinifu. Lakini kukataa kungeonekana vipi? Akapanda. Akakubali alimjua Harriet. Akakubali kwamba wakati mwingine alikuwa akitumia teksi za farasi za mtaani. Halafu akaulizwa swali lenyewe, kama kumewahi kuwa na jambo lisilofaa kati yake na Harriet. Akakana kwa sauti ya juu, na watu wakapiga makofi ndani ya korti.

Wakili wa Charles alikuwa na haki ya kumhoji. Alisimama, akasema hana swali, akaketi.

Kwa jumla ilichukua kama dakika saba. Bertie akashuka, akaenda zake.

Juri, wale raia wanaochaguliwa kuamua kesi, wakasema Harriet hakuwa timamu. Kesi ikaanguka. Na nataka uone hii vizuri: kesi ilienda siku saba, nchi nzima ikasoma kwa magazeti kila kitu kuhusu kitanda cha huyu mwanamke, na yeye mwenyewe hakuwahi kusikika kortini hata neno moja.

Nani alilipa?

Bertie alilipa kidogo. Alizomewa barabarani, akazomewa kwa maonyesho, akazomewa kwa mbio za farasi. Vijikaratasi vya kumcheka viliuzwa mtaani. Watu wa kutaka ufalme uvunjwe wakapata nguvu. Mkewe Alexandra alimeza mate, akaendelea kuonekana naye hadharani, na Victoria, pamoja na hasira zake zote, akamwamini kijana wake.

Halafu mwisho wa 1871 Bertie akashikwa na taifodi, ule ugonjwa uliosemekana kumuua babake, miaka kumi kamili baadaye. Taifa likasimama kusubiri akate roho. Hakukata. Februari 1872 wakafanya ibada ya shukrani St Paul's, barabara zikajaa watu wakilia kwa furaha. Wale wale waliokuwa wakimzomea. Kumbukumbu ya umati ni fupi kuliko mkia wa mbuzi.

Charles naye hakuchoka. Alipeleka rufaa mpaka ngazi ya juu, akaruhusiwa kuendelea, na mwaka wa 1875 akapata talaka yake kwa jina la Lord Cole, ambaye hata hakubisha. Akaoa tena, akapata familia ingine.

Harriet? Alifungiwa. Alihamishwa kutoka nyumba moja ya wagonjwa wa akili hadi ingine. Violet alikua bila mama, akaolewa na mtu mkubwa, akawa mke wa Marquess wa Bath. Mamake alikuwa hai muda huo wote, nyuma ya milango ya wenyewe.

Mfalme mnene anayependwa

Bertie hakubadilika. 1891 alijipata tena kwa kizimba cha mashahidi. Safari hii beshte yake mwanajeshi, Sir William Gordon-Cumming, alikuwa ameshtaki watu waliosema ameiba kwa mchezo wa karata, mchezo ambao mwanamfalme mwenyewe alikuwa mezani. Beshte akashindwa, akafukuzwa jeshini. Bertie akarudi nyumbani. Unaona mtindo?

Victoria alifariki tarehe 22 Januari 1901. Bertie akawa Mfalme Edward wa Saba akiwa na miaka 59, kiuno inchi 48, sigara haitoki mdomoni. Siku ya kuvishwa taji, Agosti 1902, alitengewa sehemu maalum kanisani kwa marafiki zake wa kike wa zamani. Alexandra aliketi pale pale kwa kiti chake cha malkia.

Na wacha tuwe fair: kwa kazi hakuwa mbaya. Aliongea Kifaransa na Kijerumani kama maji, na ziara yake ya Paris mwaka wa 1903 ilisaidia kulainisha Wafaransa kabla ya mapatano ya 1904 kati ya nchi hizo mbili. Ile karama ya kujua watu, ile wazazi hawakuiona, ilifanya kazi.

Huku kwetu jina lake liliingia kwa njia ingine. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, utawala wake ukiwa bado mchanga. Sarafu zilizotumika zikachongwa uso wake. Na ile sheria ya ardhi ya 1902 iliyowapa masetla mashamba ilipitishwa akiwa mfalme, kwa jina la taji lake. Guka zetu walipoteza mashamba kwa jina la mtu hawajawahi kumuona.

Mpenzi wake wa mwisho wa kujulikana alikuwa Alice Keppel, mke wa mtu, kama kawaida. Na hii utaipenda: Camilla, malkia wa sasa wa Uingereza, ni kitukuu cha huyo Alice. Hiyo familia haina stori mpya.

Miaka miwili

Edward alikufa tarehe 6 Mei 1910, kifua na moyo vikiwa vimechoka na moshi. Alexandra, kwa moyo ambao mimi sina, aliruhusu Alice aje kumuaga. Siku hiyo hiyo farasi wake alikuwa ameshinda mbio, na akaambiwa kabla hajazima. Wafalme wa Ulaya wakaja kumzika kwa msururu ambao London haikuwa imeuona.

Miaka minne nyuma, 1906, Harriet alikuwa ameaga akiwa na miaka 58. Alikuwa ameingia huko ndani akiwa msichana wa kama miaka 21. Kutoka ile juri iseme neno lake hadi kifo chake ni miaka 36. Yule jamaa aliyeulizwa swali moja alikuwa mfalme, uso wake kwa pesa, jina lake kwa ziwa.

Sisemi Bertie alidanganya kiapo. Hakuna korti iliwahi kusema hivyo, na baba ya Violet karibu kila mtu alikubali ni Cole. Sisemi pia Harriet alikuwa malaika. Ninachosema ni hiki: kwa hiyo stori kulikuwa na wanaume wasiopungua wanne na mwanamke mmoja. Mmoja akawa mfalme, mmoja akapata mke mpya, wengine wakaendelea na maisha. Na aliyesema kilichotendeka ndiye aliitwa wazimu.

Kwa hivyo siku ingine ukisikia dame amesema kitu kuhusu mtu mkubwa, awe wa palace, wa bunge ama wa kanisa la mtaani kwenu, na kabla hata hajamaliza watu washaanza kusema huyo ana shida ya kichwa, simama kidogo. Si lazima umwamini palepale. Msikize amalize. Harriet hakupewa hiyo nafasi hata kwa dakika saba.